Mshahara wa Kapera na Kura ya Nairobi: Vyama vya Wafanyakazi katika Uchaguzi wa 1957

Katika historia ya siasa za Kenya, uchaguzi wa Machi 1957 hukumbukwa zaidi kwa kuwa ndio wa kwanza ambapo Waafrika walijichagulia wenyewe wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, chombo ambacho hadi wakati huo wajumbe wake Waafrika walikuwa wakiteuliwa na gavana. Jambo lisilotajwa mara nyingi ni kwamba mjini Nairobi kura hiyo ilihusu pia swali la mshahara, yaani iwapo kazi ya mtu ilipwe kwa kipimo cha tumbo lake peke yake au kwa kipimo cha jamaa wanaomtegemea. Swali hilo wafanyakazi walikuwa wamekwisha kuliuliza kwa karibu miaka 20, kwa migomo, kwa barua na kwa mikutano ya hadhara, na aliyelibeba hadi kwenye sanduku la kura alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vyao, Tom Mboya, aliyekuwa na umri wa miaka 26.

Mshahara wa kapera, yaani ujira uliopigiwa hesabu kana kwamba kila mfanyakazi ni mwanamume asiye na mke wala mtoto, haukuwa neno la kejeli lililobuniwa na wagomaji, bali ulikuwa msingi uliokubalika katika ofisi za serikali na za waajiri. Kima cha chini kilipotafutwa, kilichopimwa kilikuwa unga, kuni, sabuni, nguo na blanketi la mtu mmoja kwa mwezi. Mke na watoto walichukuliwa kuwa wako rizavu, jina ambalo watu waliyapa maeneo ya mashambani yaliyotengwa kwa ajili ya Waafrika, na ilidhaniwa kwamba huko jembe la mke lingewatosha. Kwa mpango huo mwanamke aliyelima Murang'a au Machakos alikuwa akimchangia mwajiri wa Nairobi sehemu ya gharama ya kazi, wala jina lake halikuonekana katika daftari lolote la mishahara, na mumewe alipozeeka au kuugua, mzigo wa kumtunza ulimrudia mwanamke huyohuyo na shamba lilelile. Fikra hiyo ilijengwa hata katika kuta za mji, kwani makao ya Waafrika mjini Nairobi yalihesabiwa kwa idadi ya vitanda, si kwa vyumba wala kwa kaya, na mwanamume aliyemleta mkewe mjini alimkaribisha katika chumba ambacho wanaume wengine walikuwa na haki ya kulala humo. Ni vigumu kuupata mfano ulio wazi kuliko huu wa serikali kuukana kwa hesabu ukweli ambao kila karani wake aliujua kwa macho.

Wafanyakazi hawakungoja wataalamu wawaeleze kwamba hesabu hiyo ilikuwa ya uongo. Mombasa, ambako bandari iliwakusanya pamoja makuli wa kupakia na kupakua meli, watu wa reli, wahudumu wa hoteli na vibarua wa kila siku, ilishuhudia mgomo mkubwa mwaka 1939, ambao kiini chake kilikuwa kodi ya nyumba iliyokuwa ikimeza ujira, na posho ya nyumba ikawa sehemu ya yale yaliyopatikana. Vita Vikuu vya Pili vikapandisha bei za vyakula na nguo kuliko mishahara, na tarehe 13 Januari 1947 watu wapatao 15,000 wakaweka chini zana zao, nao mji ukasimama kwa muda wa karibu wiki mbili. Uwanja walikokuwa wakikutanika kila siku kusikiliza hotuba na kuamua mambo yao waliupa jina la Kiwanja cha Maskini, na jina hilo peke yake linaeleza jinsi wagomaji walivyojitazama: hawakujiita watu wa kabila fulani wala wa kampuni fulani, bali tabaka moja lenye dhiki moja. Kutokana na mkusanyiko huo kilizaliwa chama cha African Workers Federation kilichoongozwa na Chege Kibachia, ambacho miongoni mwa madai yake kilitaka ujira sawa kwa kazi sawa na posho kwa ajili ya wake na watoto wa wafanyakazi. Hapo ndipo dai la mshahara wa familia lilipotamkwa hadharani na wenye haja nalo, miaka kadhaa kabla ya serikali kulikubali katika maandishi.

Mgomo huo uliisha baada ya Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuteuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria, kwenda Mombasa kuwaomba wagomaji warejee kazini ili malalamiko yao yasikilizwe na baraza la usuluhishi chini ya Jaji Thacker. Uamuzi uliotolewa ulileta nyongeza kwa makundi kadhaa ya wafanyakazi, lakini Kibachia alikamatwa Agosti 1947 na kupelekwa Kabarnet, alikozuiliwa kwa takriban miaka 10. Serikali ilikuwa tayari kuongeza shilingi chache, lakini haikuwa tayari kumwacha mtu aliyeweza kuwaunganisha kuli, mpishi na fundi wa reli chini ya dai moja.

Mwendo huohuo ulirudiwa Nairobi. Tarehe 1 Mei 1949 Makhan Singh, mwanaharakati wa Kisikh aliyekuwa ameanzisha chama cha wafanyakazi tangu miaka ya 1930, pamoja na Fred Kubai, waliunda East African Trade Union Congress, muungano uliokusudiwa kuwaleta pamoja wafanyakazi wa asili zote, na serikali ikakataa kuusajili. Aprili 1950, katika mkutano wa Kaloleni, Makhan Singh alitoa hoja ya kudai uhuru wa nchi za Afrika Mashariki, jambo ambalo wanasiasa wengi wa wakati huo walikuwa bado hawajalisema kwa uwazi kiasi hicho. Katikati ya Mei viongozi hao wawili wakakamatwa, na kesho yake mji ukaingia katika mgomo wa jumla uliodumu zaidi ya wiki moja. Makhan Singh hakuachiwa huru hadi Oktoba 1961. Anastahili nafasi kubwa kuliko anayopewa katika vitabu vya shule, kwa kuwa ndiye aliyeonyesha mapema kwamba dai la ujira na dai la utawala ni matawi ya mti mmoja.

Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952 kwa sababu ya vita vya Mau Mau, Kubai alikuwa miongoni mwa watu watano walioshtakiwa Kapenguria pamoja na Jomo Kenyatta, na Juni 1953 chama cha Kenya African Union kikapigwa marufuku. Waafrika wa Kenya wakabaki bila chama cha siasa hata kimoja cha kuwasemea, isipokuwa shirikisho changa la vyama vya wafanyakazi vilivyosajiliwa, lililoundwa mwaka 1952 na ambalo mwaka 1955 lilichukua jina la Kenya Federation of Labour, au KFL kwa kifupi. Katibu wake mkuu tangu 1953 alikuwa Mboya, mtoto wa mfanyakazi wa shamba la mkonge la Mzungu, aliyekuwa amesomea ukaguzi wa afya na kuajiriwa na halmashauri ya jiji la Nairobi kabla ya kuwaunganisha wafanyakazi wenzake wa serikali za mitaa. Serikali ililiacha shirikisho liendelee kwa matumaini kwamba vyama vya wafanyakazi vinavyoshughulika na ujira tu vingewavuta watu mbali na siasa. Hilo lilikuwa kosa la hesabu, kwa sababu wakati wa Operesheni Anvil, msako uliofanywa na wanajeshi na polisi mjini Nairobi kuanzia tarehe 24 Aprili 1954, ambapo maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walikamatwa na kupelekwa kizuizini au kurudishwa rizavu, viongozi wengi wa vyama walikuwa miongoni mwa waliochukuliwa, na KFL ndiyo iliyobaki kulalamika, ndani na katika jumuiya ya kimataifa ya vyama huru vya wafanyakazi, juu ya familia zilizotawanywa na ajira zilizopotea.

Mwaka huohuo wa 1954 ilitoka taarifa ambayo kwa upande wa mishahara ina uzito kuliko hati nyingine yoyote ya serikali ya kikoloni nchini humo. Kamati ya kuchunguza mishahara ya Waafrika, iliyoongozwa na F. W. Carpenter, kamishna wa kazi, ilikiri kwamba takriban nusu ya wafanyakazi wa mijini katika kampuni za watu binafsi, na karibu robo ya wale wa utumishi wa umma, walikuwa wakilipwa ujira usiotosheleza mahitaji yao ya lazima, hata kwa kipimo chenyewe cha mtu mmoja. Kamati ikapendekeza kwamba kima cha chini kihamishwe hatua kwa hatua, katika muda wa miaka 10, kutoka mshahara wa kapera hadi mshahara wa familia, yaani ujira wa kumtunza mwanamume, mkewe na watoto wawili mjini, uliokadiriwa kuwa mara mbili na nusu ya ule wa mtu mmoja. Sababu zilizotolewa hazikuwa za huruma pekee. Wachunguzi waliamini kwamba mtu anayekuja mjini kwa miezi michache na kurudi shambani hawezi kupata ustadi wala kujenga kazi ya kudumu, na kwamba hatulii mpaka awe na jamaa yake. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza dai lililopigiwa kelele katika Kiwanja cha Maskini lilikuwa na muhuri wa serikali juu yake. Serikali iliukubali msingi wa hoja hiyo lakini ikapunguza kasi na viwango, huku wafanyakazi wa mashambani, waliokuwa wengi kuliko wa mijini, wakiachwa nje ya hesabu.

KFL ililishika pendekezo hilo kama mkopeshaji anavyoishika hati ya deni. Katika mgomo wa bandari ya Mombasa wa Machi 1955 Mboya aliwashawishi makuli warejee kazini kwa ahadi ya usuluhishi, na nyongeza kubwa iliyopatikana ikampa sifa ambayo hakuna mjumbe yeyote wa kuteuliwa aliyekuwa nayo, sifa ya mtu aliyekaa meza moja na waajiri akatoka na fedha mkononi kwa niaba ya wengine. Mapema mwaka 1956 serikali ikatishia kuifutia KFL usajili kwa kuwa ilijihusisha na siasa, na ilibidi Sir Vincent Tewson wa muungano wa vyama vya wafanyakazi wa Uingereza aje Nairobi kusuluhisha, shirikisho likaahidi kujifunga na mambo yanayowagusa wafanyakazi moja kwa moja. Ahadi hiyo ilikuwa nyepesi kuitoa kuliko kuitimiza, kwa kuwa katika koloni ambamo kodi ya nyumba, pasi ya kusafiria, shule ya mtoto na kima cha mshahara vyote viliamuliwa na serikali isiyochaguliwa na wanaotawaliwa, hakukuwa na jambo linalomgusa mfanyakazi lisilokuwa siasa.

Uchaguzi ulipotangazwa, sheria ya kupiga kura iliyotokana na taarifa ya W. F. Coutts kuhusu namna ya kuwachagua wajumbe Waafrika iliwaweka wafanyakazi katika hali ya ajabu. Mpiga kura alitakiwa kuwa na umri wa miaka 21 na kutimiza walau sharti moja kati ya kadhaa, kama vile kiwango fulani cha elimu, utumishi wa muda mrefu, mali yenye thamani ya pauni 500, au kipato cha pauni 120 kwa mwaka, na aliyetimiza masharti mengi zaidi aliweza kupewa hadi kura tatu. Pauni 120 zilikuwa sawa na shilingi 200 kwa mwezi, kiasi ambacho kibarua wa kawaida wa Nairobi hakukikaribia. Mtu aliyelipwa mshahara wa kapera alinyimwa kwa sababu ya umaskini huo chombo cha kuuondolea umaskini, ilhali karani au mwalimu aliyekwisha kuvuka kiwango hicho alipewa kura mbili au tatu. Juu ya hayo, Wakikuyu, Waembu na Wameru walitakiwa kuonyesha cheti cha uaminifu, hati iliyothibitisha kwamba mwenye nayo alikuwa upande wa serikali dhidi ya Mau Mau, na kwa hiyo wengi wa waliobeba maumivu ya Anvil hawakuwamo katika orodha kabisa. Nchi nzima waliojiandikisha walikuwa takriban 126,000.

Tanganyika nayo ilipita njia inayofanana. Mboya alifika Dar es Salaam mwaka 1955 kuwashauri viongozi waliokuwa wakiunda Tanganyika Federation of Labour chini ya katibu mkuu Rashidi Kawawa, na uchaguzi wa huko wa 1958 na 1959 ulimtaka mpiga kura awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, elimu au wadhifa uliotajwa. Tofauti ni kwamba Tanganyika ilikuwa na chama cha TANU kilichoenea nchi nzima, hivyo vyama vya wafanyakazi viliongeza nguvu katika chombo kilichokuwapo, ilhali Kenya, ambako vyama vya siasa viliruhusiwa tena mwaka 1955 katika ngazi ya wilaya pekee, vyama vya wafanyakazi vililazimika kuwa chombo chenyewe.

Mpinzani mkuu wa Mboya mjini Nairobi hakuwa kibaraka. Clement Argwings-Kodhek, Mwafrika wa kwanza kuwa wakili nchini Kenya, alikuwa amewatetea mahakamani watu walioshtakiwa kwa makosa ya Mau Mau wakati ambapo kufanya hivyo kulihitaji ujasiri mkubwa, na alikuwa kiongozi wa Nairobi District African Congress, chama alichokianzisha mara serikali iliporuhusu vyama vya wilaya. Wagombea wote wawili waliikataa katiba ya Lyttelton ya mwaka 1954, iliyompa Mwafrika mmoja tu nafasi ya waziri. Katika siasa za taifa, basi, mpiga kura hakuwa na mengi ya kuchagua kati yao. Tofauti ilikuwa katika aina ya uwakilishi. Wakili aliwasemea watu mmoja mmoja mbele ya hakimu, katibu wa shirikisho aliwasemea kwa makundi mbele ya mwajiri, na Mboya, aliyerejea Oktoba 1956 kutoka masomoni katika chuo cha Ruskin, Oxford, na kutoka ziara ya Marekani, ambako muungano wa vyama vya wafanyakazi wa huko, AFL-CIO, ulitoa dola 35,000 za kujengea makao makuu ya KFL, alikuwa na kitu ambacho wakili hakuwa nacho: mtandao wa makatibu wa matawi, wakusanyaji wa ada na wajumbe wa kazini waliozoea kuitisha mkutano, kuandika majina na kuhesabu watu.

Kwa hati shirikisho halikuwa na mgombea, kwa kuwa ahadi ya 1956 ilikuwa bado inalibana, lakini watu wake ndio waliokuwa uti wa mgongo wa kampeni. Uzoefu wa kuendesha chama cha wafanyakazi ulilingana vizuri na uchaguzi wa orodha ndogo, ambamo ushindi haukutegemea ukubwa wa umati viwanjani bali kumjua kila mwenye haki ya kura na kuhakikisha kwamba anafika kituoni. Hata hivyo umati haukuwa bure. Makuli, wapishi na vibarua wasiokuwa na kura walijaza mikutano, na karani mwenye kura tatu aliyeishi nao mtaa mmoja wa Kaloleni, Ziwani au Pumwani, aliyekuwa na ndugu na wajomba miongoni mwao, hakuweza kupiga kura kana kwamba hawapo. Pengine hii ndiyo kazi kubwa kuliko zote iliyofanywa na vyama katika uchaguzi ule, kumfanya mwenye kura akumbuke kwamba anaipiga kwa niaba ya wasionayo.

Mboya alishinda kwa tofauti isiyofika kura 500. Kwingineko B. A. Ohanga, waziri pekee Mwafrika, alishindwa na Oginga Odinga, na Mathu, aliyewarudisha wagomaji wa Mombasa kazini miaka 10 kabla, alishindwa na Bernard Mate, ingawa huko Mkoa wa Kati masharti ya cheti cha uaminifu yalikuwa na mchango mkubwa kuliko dai lolote la mishahara. Wajumbe wanane waliochaguliwa wakakataa nafasi za uwaziri hadi viti vya Waafrika viongezwe, na kuanzia hapo sauti ya KFL na sauti ya upinzani barazani zikawa vigumu kutenganishwa.

Katika uchaguzi wa Februari 1961 masharti yalilegezwa, kipato kikashushwa hadi pauni 75 na uwezo wa kusoma na kuandika lugha yako mwenyewe ukatosha, na waliojiandikisha wakapita milioni moja. Katika jimbo la Nairobi Mashariki, ambako wapiga kura wengi walikuwa Wakikuyu, Mboya, ambaye alikuwa Mjaluo, alipata zaidi ya kura 31,000 dhidi ya chini ya 3,000 za Dkt. Munyua Waiyaki. Matokeo hayo yanapaswa kuwekwa mbele ya kila anayedai kwamba mpiga kura wa Kenya hajawahi kuongozwa na lolote ila kabila.

Yaliyofuata yana uchungu wake, na haifai kuyapita kimya. Mwaka 1962 Mboya akawa Waziri wa Kazi, na Oktoba mwaka huo serikali, waajiri na KFL walitia saini mkataba wa mahusiano kazini uliotambua vyama na kuweka utaratibu wa kusuluhisha migogoro, mkataba uliowapa wafanyakazi heshima rasmi na wakati huohuo kuwafunga mikono katika kugoma. Mishahara ya waliokuwa kazini ilikuwa imepanda tangu 1954, lakini waajiri waliitikia kwa kuajiri watu wachache zaidi, hivi kwamba mshahara wa familia ulipokaribia kuwa kweli kwa wengine, wengine walikosa mshahara wowote. Mapema mwaka 1964 yalifikiwa makubaliano ya pande tatu, ambapo waajiri binafsi waliahidi kuongeza ajira kwa asilimia 10 na serikali kwa asilimia 15, na vyama vikakubali kutodai nyongeza kwa mwaka mzima.

Mgawanyiko kati ya KFL na shirikisho pinzani lililoungwa mkono na Kubai ulifikia umwagaji wa damu mjini Mombasa Agosti 1965, na serikali ikayafuta mashirikisho yote mawili. Septemba mwaka huo ikaundwa COTU, shirikisho moja kwa nchi nzima, na chini ya utaratibu wake wajumbe wa vyama walipendekeza majina matatu kwa nafasi ya katibu mkuu, na Rais wa Jamhuri akamteua mmoja wao.